Barua kwa mwanangu: Maabara na wodi

Mwanangu Neema,

Salamu zako tumezipata. Huku sote wazima, ila baba yako na goti lake, na hilo umeshalizoea.

Umeniuliza jambo zito, ukasema nijibu kwa kuandika maana kwenye simu nakatiza. Umepata nafasi ya uzamivu ya kuchunguza saratani ya tezi dume, kazi yote maabara, na bingwa mmoja hapo wodini kakwambia ukienda utakuwa umewatupa wagonjwa. "Mama, wewe umewauguza wazee hawa tangu sijazaliwa. Nikaenda kukaa na vichupa na panya, si nitakuwa nimewakimbia?"

Nenda. Ila najua hukubali neno lisilo na sababu, kwa hiyo kaa chini usome.

Wodi ya wanaume ya enzi zangu hukuiona. Mzee alikuwa analetwa akiugulia mgongo. Huko nyumbani wameshamkanda, wameshamchanja, wameshamwambia karogwa. Kumbe saratani imetoka kwenye tezi dume na kuingia kwenye uti wa mgongo. Daktari anawaita wanawe pembeni, anawaambia tiba iliyopo ni kuondoa korodani zote mbili. Sindano za homoni zilikuwepo duniani, lakini bei yake haikuwa ya mkulima. Akishatoka daktari, ananiachia mimi mzee aliyegeukia ukutani. Mmoja aliniuliza kama atazikwa akiwa mwanamume. Lakini waliokubali, wengi wao siku chache tu baada ya upasuaji waliacha kumwitaita muuguzi usiku kuomba dawa ya maumivu. Mtu aliyekuwa akipiga kelele ukimgeuza, unamkuta ameketi anauliza chai iko wapi.

Upasuaji ule haukuletwa na mtu aliyekuwa anatafuta dawa ya saratani. Ulitoka kwa Charles Huggins, mtu wa Halifax nchini Kanada, aliyezaliwa mwaka 1901 na kumaliza udaktari Harvard akiwa na miaka 22. Mwaka 1927 alikwenda Chuo Kikuu cha Chicago kama daktari mpasuaji. Wakubwa wake wakampa magonjwa ya njia ya mkojo, fani ambayo hakuwa ameisomea, ikabidi ajifunze kitabuni. Aliyemwoa, Margaret Wellman, alikuwa muuguzi. Hilo nalitaja kwa makusudi.

Miaka yake ya mwanzo alishughulika na mfupa: unaumbwaje, nini kinaufanya ukue mahali ambapo haukutakiwa kuwapo. Alikwenda hata London kujifunza kwa Robert Robison, bingwa wa vimeng'enya vya mfupa (vimeng'enya ni vichochezi vya kazi za kemikali mwilini), vile viitwavyo fosfatesi. Ungemwona wakati huo ungesema huyu na saratani wapi na wapi.

Kisha akaingiwa na swali jingine: majimaji ya tezi dume yanatengenezwaje? Kwa mwanadamu ni vigumu kuyapata peke yake, kwa hiyo akawageukia mbwa. Aliwapasua kwa namna ambayo majimaji ya tezi yalitoka bila kuchanganyika na mkojo, akawa anayapima kwa miezi mingi. Akimhasi mbwa, majimaji yanakauka. Akimdunga testosteroni, homoni ya kiume, yanarudi. Akimpa estrojeni, homoni ya kike, yanapungua tena. Sasa mbwa dume mzee, kama mwanamume mzee, tezi yake huvimba. Mbwa wenye uvimbe mwanzoni walikuwa kero, wanamharibia vipimo. Baadaye akawa anawatafuta hao hao, kwa sababu aliona kwamba akiondoa homoni ya kiume, uvimbe nao unasinyaa.

Hapo ndipo ile kazi ya mfupa ilipomfaa. Mwaka 1938 mume na mke, Alexander na Ethel Gutman, walionyesha kwamba saratani ya tezi dume ikishaenea, kimeng'enya cha asidi fosfatesi, ambacho tezi hiyo hukitengeneza kwa wingi, huonekana kimepanda kwenye damu. Na mfupa ulioshambuliwa nao hutoa fosfatesi yake ya aina nyingine. Huggins vimeng'enya hivyo alikuwa anavijua tangu London. Kwa hiyo alipowaondolea wagonjwa korodani, au kuwapa estrojeni, hakulazimika kuuliza tu "mzee unajionaje leo?" Alichukua damu. Kimeng'enya cha saratani kilishuka. Akiwadunga homoni ya kiume, kinapanda. Aliyachapisha hayo mwaka 1941, pamoja na Clarence Hodges, kijana aliyekuwa bado anajifunza kazi.

Nadhani watu wa leo hawaoni uzito wake. Wakati ule saratani ilihesabiwa kuwa kitu kisichosikia la mtu: ukikate, ukichome kwa mionzi, basi. Huggins akaonyesha kwamba seli ya saratani iliyokwisha kukimbilia mfupani bado inategemea homoni ya kiume kutoka mwilini kama chakula chake, na ukiikatia chakula hicho inanywea popote ilipo.

Ni kweli hakuwaponya. Kwa wengi ugonjwa ulirudi, na yeye mwenyewe alikuwa anaona. Akashuku tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo, kwamba nazo zinatoa homoni ya kiume kidogo kidogo. Miaka ya 1940 akajaribu kuziondoa, wagonjwa wakafa, kwa kuwa mtu hawezi kuishi bila tezi hizo na kotisoni, dawa ya kushika nafasi yake, ilikuwa haijapatikana. Ilipopatikana akarudia. Estrojeni nayo ilikuja kuonekana ina gharama yake: majaribio makubwa ya miaka ya 1960 kwenye hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani yalionyesha kuwa dozi kubwa inaua kwa moyo na mishipa wanaume ambao saratani ingewaacha. Nakuandikia haya kwa sababu wanaokusifia utafiti hawatakuambia.

Lakini tazama shaka ile ya adrenali ilifika wapi. Mwaka 2011 Marekani waliidhinisha abirateroni, kidonge kinachozuia kutengenezwa kwa homoni ya kiume kwenye korodani, kwenye adrenali, na ndani ya uvimbe wenyewe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likakiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Huggins alifariki Januari 1997, miaka 95, hakukiona. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1966, robo karne baada ya kazi yenyewe, pamoja na Peyton Rous, mtafiti wa virusi vinavyoleta saratani kwa kuku, ambaye alikuwa ameisubiri ya kwake tangu 1911. Kama unaingia huko kwa kutaka kupigiwa makofi, basi kweli baki wodini.

Huyo bingwa wako ana hoja, simdharau. Wodi ina uhaba wa mikono, na wewe una mikono mizuri. Lakini nihesabie: mimi katika uuguzi wangu wote niliwahudumia wazee wa wilaya chache. Mbwa wa Chicago waliwahudumia hao hao, na wengine wasiohesabika, kabla hata sijajua kusoma.

Kitu kimoja nilichokipenda kwa Huggins, alipopewa maabara yake ya utafiti wa saratani mwaka 1951, maabara ya Ben May, hakugeuka kuwa mtu wa vikao. Aliendelea kufanya majaribio kwa mikono yake mpaka uzeeni. Kwa hiyo kabla hujatia sahihi, mwulize profesa wako maswali haya ana kwa ana, usiyatume kwa barua pepe. Yeye mwenyewe maabara anaingia lini? Jina lako litakaa wapi kwenye makala, kama la Hodges au kwenye shukrani? Fedha za vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, zipo tayari au ni za ahadi? Na kliniki ya siku moja kwa wiki atakuruhusu? Hiyo ya mwisho ishikilie hata akikuna kichwa. Sampuli za damu unazopima ni za watu wanaolala na mpira wa mkojo, na wanaume weusi ugonjwa huu unawapata zaidi na kuwaua zaidi, ilhali dawa nyingi zimejaribiwa kwa wengine. Wewe utakuwa unajua wa kumwuliza, na utamwuliza kwa Kiswahili chake.

Akikubali hayo, tia sahihi. Ada ya usajili tutasaidiana, baba yako amesema atauza yule ng'ombe mkorofi, na mimi sijampinga. Nipigie Jumamosi ukishaonana naye, lakini baada ya saa kumi, mchana nina kikao cha kikoba.

Mama yako.