Mnaoanza kesi za jinai, zile dakika chache baada ya mtu kutiwa hatiani msizichezee

Madogo zangu mnaoanza fildi mahakamani, mshtakiwa akishatiwa hatiani ndo muda wa wakili kumwombea apunguziwe adhabu, kwa hiyo fungua Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, usome kifungu kwa macho yako, usitegemee ulichokariri chuo. Wizi wa kawaida kifungu cha 265 kinataja miaka 7, wengi wanadhani hiyo ndo adhabu yenyewe, hapana, huo ni mwisho wake, hakimu anaweza kutoa miezi sita, au faini, au hata kifungo cha nje. Ila unyang'anyi wa kutumia silaha, 287A, ni miaka isiyopungua 30, hapo mteja alie vipi hakimu hana pa kushukia. Mauaji ya kukusudia ni kunyongwa, kuua bila kukusudia ni mpaka kifungo cha maisha lakini inaweza ikashuka sana, ndo maana mawakili wanapigania kosa libadilishwe.

Mi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na kijana aliiba simu. Wakili wa serikali akasema hana kumbukumbu za makosa ya nyuma ila anaomba adhabu kali iwe fundisho kwa wengine, nami nikasimama nikasema ni mkosaji wa mara ya kwanza na ana familia inamtegemea, nikakaa. Hakimu alishaweka kalamu chini hata sijamaliza, hayo anayasikia kila siku. Miaka mitatu. Nje mama yake akanishika mkono, "Mwanangu, mbona hukuwaambia simu ilirudishwa? Na miezi tisa aliyokaa mahabusu?" Sikuwa nimeuliza. Iliniuma na bado inaniuma.

Kwa hiyo nenda mahabusu siku moja kabla, kaa naye, muulize alikamatwa lini, mali iko wapi, anaumwa nini na cheti kiko kwa nani, anamlea nani. "Ana mtoto wa miaka minne na mama wa mtoto alishafariki" hakimu ataiandika, "ana familia" haandiki. Na ujue pia yanayommaliza: alitumia nguvu, aliiba kwa bosi aliyemwamini, aliyeumizwa ni mtoto au mzee, usijifanye huyaoni, yaseme mwenyewe halafu ueleze. Ila usianze kubishia hatia, muda huo umeshapita.

Makosa yakiwa mawili matatu omba adhabu ziende kwa pamoja, uombe kwa mdomo kabisa, maana hakimu asipotamka zinafuatana, moja ikiisha ndo nyingine inaanza, na mtu wako anajikuta na miaka ambayo hakuna aliyeipanga.

Rufaa kwenda Mahakama Kuu kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, notisi, yaani taarifa kwamba unakusudia kukata rufaa, ni siku 10 na rufaa yenyewe siku 45, na adhabu haiguswi kirahisi, labda iwe imezidi mno au hakimu aliacha jambo la msingi, tena inaweza hata ikaongezwa. Notisi iandikwe siku hiyo hiyo kabla karandinga haijaondoka. Ya yule kijana niliiandika kwenye benchi la nje, mama yake amekaa pembeni yangu.