Mutuulize: Maprof 40 na beseni moja ya muhogo

SWALI: Jambo yaya. Nilimaliza lisansi ya biolojia na kemia hapa Bukavu, memwari yangu ilikuwa juu ya muhogo mchungu wa upande wa Walungu. Sasa natafuta doktora ya bayokemia na biolojia ya molekuli huko inje, Marekani kama Mungu akisaidia. Kila chuo ninachofungua kiko na orodha ya maprof 30 ao 40, na pembeni ya kila jina wameweka mambo anayotafiti: umbo la enzimu, kukunjwa kwa protini, udhibiti wa jeni, namna seli zinapeana ujumbe. Nasoma mpaka mega zinaisha na muhogo siuoni. Nichague namna gani? Na nikimwandikia prof nimwambie nini?
Msomaji wa Kadutu

JIBU: Jambo mdogo wangu. Muhogo hautauona kweli, juu wale watu hawajipangi kwa kitu wanachoshika, wanajipanga kwa namna ya kuuliza. Na muhogo wako uko pale, tena sehemu nyingi kuliko unavyofikiri. Twende pole pole na kinu cha sombe, majani ya muhogo.

Kwenye jani, linamarini, ile kitu inayobeba sumu ya muhogo, imefungiwa ndani ya kifuko cha seli, na enzimu yake, yaani protini inayoikata, linamarasi, inakaa kwenye ukuta wa seli. (Siku moja nilimweleza mama mambo ya enzimu, akasikia mizimu, akaniuliza kama ndiyo nilienda kusomea hiyo.) Wanakaa kama majirani wawili wasiosalimiana, mpaka mchi unakuja kuvunja ukuta, hapo wanakutana, linamarini inakatwa, na mwisho inatoka sianidi, ndiyo sumu yenyewe, ambayo sehemu kubwa inapaa kama gesi. Sasa hesabu maprof. Anayepima enzimu inakata kwa mwendo gani na nini inaichelewesha, huyo wameandika ni wa enzimu. Anayetaka kuona ile enzimu iko na sura gani na linamarini inaingilia wapi, huyo ni wa umbo la protini. Anayeuliza kwa nini mmea ukikosa mvua unaongeza sumu, huyo ni wa udhibiti wa jeni. Beseni ni ile ile.

Ukimaliza kula, sianidi iliyobaki inaingia mwilini, na huko iko enzimu ingine, rodanesi, inachukua salfa na kuibandika kwenye sianidi, inakuwa tiosianati, unaikojoa, imeisha. Lakini salfa hiyo lazima itoke kwenye protini unayokula, samaki wadogo sambaza, maharagi, mayai. Mtu anayekula bugali ya muhogo mchungu ambao haukuloweshwa vizuri, wiki kwa wiki bila mboga ya maana, ndiye konzo inamkamata, miguu inakakamaa kwa gafla na haipone tena. Ugonjwa huo uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1938 na daktari Trolli, kule Kwango, na hata huku Kivu ya Kusini umeonekana wakati wa vita. Kwa nini sumu inachagua neva za miguu na kuacha zingine, hilo bado ni swali zima la doktora, na prof wake utamkuta kwenye mistari ya neva, wala hatataja chakula.

Na ile ya kukunjwa kwa protini, ambayo najua uliruka haraka haraka kwa sababu inaonekana iko mbali na wewe kuliko zote, basi sikia: protini ikitengenezwa inatoka kama uzi, lazima ijikunje vizuri ndiyo ifanye kazi, na kuna protini zingine zinazoisaidia, kama GroEL ya bakteria. Watu wa GroEL wamepima kazi yao miaka na miaka kwa kutumia protini gani? Rodanesi, ya maini ya ngombe. Ile ile! Ingia kwenye Protein Data Bank, ghala ya maumbo ya protini kwenye mtandao, ni bure tangu ilipoanza 1971, andika 1RHD, ndiyo namba ya rodanesi, utaizungusha na kidole kwenye simu yako.

Kwa hiyo chagua swali ambalo linakunyima usingizi kuhusu muhogo wako, halafu tafuta nani anauliza vile. Usichague neno juu linasikika kubwa.

Ila orodha zenyewe usiziamini sana. Mimi nilikaa karibu mwezi mzima kwenye saiba (nyumba ya internet) moja ya Nyawera, napiga printi makala za prof mmoja, napiga mistari na biki nyekundu, umeme unakatika naanza upya, kumbe makala yake ya mwisho ilikuwa na miaka kumi, mzee ameshapumzika na jina hawajatoa tu. Pesa ya printi ilienda na sikuwa na hata ya pikipiki kurudi nyumbani, nilipanda kwa miguu. Wewe anza na PubMed, mtandao wa kutafuta makala za sayansi: andika jina, angalia miaka 3 ya mwisho. Mara nyingi mwenye labo anakuwa jina la mwisho kwenye makala na aliyeshika kazi anakuwa la kwanza. Kama majina ya kwanza ni ya wanafunzi wake, vizuri. Kama mwanafunzi haonekani hata mmoja, jiulize.

Juu ya kuandika: Marekani programu nyingi za doktora unaomba kwa programu, siyo kwa prof, na mwaka wa kwanza unazunguka labo 3 hivi, kila moja wiki 8 mpaka 10, ndiyo unachagua. Kwa hiyo usife na prof mmoja, hakikisha wako 3 ao 4 unaoweza kukaa nao. Kwa kawaida doktora ya sayansi haulipi masomo, unapewa posho, lakini ada ya dosiye inaweza kupita dola 75, omba wakusamehe, programu zingine zinakubali. Dosiye nyingi zinafungwa mwezi wa 12. Ulaya ni tofauti, sehemu nyingi unamwandikia prof mwenyewe. Imeli iwe mistari 8: ulipima nini Walungu, makala yake gani umesoma, swali moja. Mambo ya "tangu utoto wangu nilipenda sayansi" wachia hotuba ya arusi.

SWALI: Na sisi tusio na Kingereza cha kutosha wala njia ya Marekani? Napenda mambo ya virusi.
Wa Himbi, Goma

JIBU: Kingereza utahitaji tu, hata jirani. Pale Juja, Kenya, iko PAUSTI ya Pan African University, wanafundisha biolojia ya molekuli na bayoteknolojia, masta na doktora, na Umoja wa Afrika unatoa bursi. Virusi uko navyo mlangoni: mpox, ugonjwa wa vipele, ya Kamituga huku Kivu ya Kusini, 2023, walijua inapita mtu kwa mtu kwa kusoma alama ambazo APOBEC3, enzimu yetu sisi watu, inaacha kwenye ADN ya kirusi. Anza kusoma hapo, na Kingereza jioni.