Mwanangu, digrii unayo, muhuri bado

Mwanangu,

Umeniuliza mambo mawili kwenye ujumbe wako. Mbona baada ya miaka 6 ya usanifu majengo bado huwezi kupiga muhuri ramani zako, na je, uanze shahada ya uzamili au ukubali kazi katika mojawapo ya zile ofisi mbili, ile kubwa ya Westlands au ile ndogo ya Ngong Road yenye mjengo wa fleti Ruaka? Nakujibu kama mkadiriaji majenzi, mpima kazi na gharama za jengo, mtu anayekaa upande wa pili wa meza na kuyaona makosa ya wasanifu yakigeuka shilingi.

La kwanza ni la sheria. Sura ya 525 ya sheria za Kenya, ambayo mizizi yake ni ya 1934, inalilinda jina lenyewe. Anayeruhusiwa kujiita msanifu majengo ni yule aliye kwenye rejista ya Bodi ya kusajili wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, hii tuiitayo BORAQS, na ndiyo hiyo hiyo inayotusajili sisi wakadiriaji. Digrii inakufikisha mlangoni. Baada ya hapo unafanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, unaandika kumbukumbu za kazi hiyo katika daftari analotia saini yeye, halafu unafanya mitihani ya kitaaluma na kukaa mbele ya watahini wakuhoji. Uzamili haumo katika njia hiyo. Ukitaka kufundisha chuoni au kugeukia mipango miji, soma. Lakini hata uwe na shahada mbili za uzamili, ramani utakazopeleka kaunti bado zitahitaji muhuri wa mtu mwingine. Na ule ukurasa wako wa Instagram unaojitangaza kama kampuni ya wasanifu, ubadilishe jina leo hii. Bodi haina mzaha na jambo hilo.

London aliyoitaja shangazi yako si njia ya mkato. Kule nako jina linalindwa, kwa sheria ya 1997, na baada ya masomo kuna ile wanayoiita Sehemu ya 3: kazi ofisini chini ya uangalizi, mtihani, mahojiano. Utatoka huko ukiijua mikataba ya JCT, ile ya ujenzi ya Uingereza, kisha urudi Nairobi ukute mezani mkataba wa JBC, ule wa ujenzi wa Kenya, toleo la 1999. Majina ya hati yanafanana, lakini wanaokupigia simu saa kumi na mbili asubuhi ni wengine kabisa.

Sasa ofisi. Ile ya Westlands inakutaka kwa sababu ya mkono wako kwenye picha za kompyuta. Najua mshahara ni mzuri. Lakini ukimaliza miaka miwili ukichora machweo nyuma ya majumba, daftari lako litakuwa na picha tu, na mtahini akikuuliza nani anaamua mkandarasi aongezewe muda, utamtazama. Kumbukumbu zinatakiwa zionyeshe umepita kwenye mazungumzo na mteja, michoro ya awali, vibali, michoro ya kazi, zabuni, saiti na hesabu ya mwisho. Jengo moja halikupi yote kwa muda huo. Kwa hiyo unatafuta ofisi yenye mjengo mmoja ulio msingini na mwingine ulio bado kwenye karatasi. Hiyo ya Ruaka iko msingini.

Nikuonyeshe kitu kimoja ambacho studio haikukufundisha. Kwenye plani ya 1:100, bafu na chumba cha kulala viko katika usawa mmoja na panaonekana pako sawa. Lakini sakafu ya bafu inataka mteremko kuelekea tundu la maji, na bomba la choo linataka pahali pa kupita. Usipokubaliana na injinia mapema, ama ashushe slabu ya bafu, ama mabomba yapite chini yake na kufichwa na dari ya nyumba ya chini, zege litamwagwa tambarare. Wiki chache baadaye fundi wa mabomba anakuja na nyundo na patasi. Anachimba slabu, akikutana na chuma anakikata. Au basi sakafu ya bafu inainuliwa, na siku tundu likiziba maji yanaingia chumbani. Kwenye fleti 40, hilo ni kosa moja mara 40, na mkandarasi ataleta bili ya kila moja. Dawa yake ni mkato mmoja wa 1:20, yaani mchoro wa jengo kama limepasuliwa wima, unaopita bafuni, mlangoni na kwenye korido, ukionyesha usawa wa zege na usawa wa sakafu iliyokwisha, umfikie injinia kabla hajapanga vyuma. Kisha kabla ya zege kumwagwa, panda juu ya mbao na tepu yako upime mwenyewe.

Kitu cha pili ni hati ya malipo, ile inayosema mkandarasi alipwe kiasi gani, na hapa ndipo wasanifu wengi wachanga huteleza. Mimi naleta hesabu, lakini hati ni ya msanifu. Tuseme kazi iliyofanyika ni shilingi milioni 18 na vifaa vilivyo saitini milioni 2, jumla milioni 20. Mkataba ukiwa unashikilia asilimia 10, unatoa milioni 2, inabaki 18. Hati zilizotangulia zilikuwa milioni 13.5, kwa hiyo hati hii ni ya milioni 4.5. Hesabu ni rahisi. Kazi yako ni ile nisiyoweza kuifanya mimi: kusema ukuta upi umejengwa vibaya na usilipiwe. Uniambie kabla sijapima. Ukisubiri hadi hati itoke, kumrudisha mkandarasi nyuma ni kesi. Na kutakuja siku mteja atakuvuta kando akuombe upunguze hati kwa kuwa hana pesa mwezi huo. Yeye ndiye anayekulipa, ni kweli, lakini ukishika kalamu ya kutia saini hati, mkandarasi ana haki sawa na yake. Swali hilo hupenda kurudi kwenye mahojiano, kwa sura tofauti tofauti.

Maagizo ya mdomo yaogope. Ukimwambia fundi saitini "sogeza huo mlango", tayari umeagiza mabadiliko, na bei yake itatafutwa baadaye na watu wenye kumbukumbu zinazopingana. Rudi ofisini, uandike siku hiyo hiyo, nakala kwa mkandarasi, kwa mteja na kwangu mimi mkadiriaji. Muda wa nyongeza nao ni vivyo hivyo. Mteja akichelewesha kuchagua vigae na msanifu asiongeze muda rasmi, ile tarehe ya kumaliza inaweza kupoteza nguvu, na mteja akapoteza fidia ya ucheleweshaji aliyodhani anayo. Mvua nayo: masika ya kawaida ya Machi hadi Mei kila mkandarasi alitakiwa kuipangia, inayohesabiwa ni ile iliyopita kawaida, na inathibitishwa kwa rekodi za mvua.

Vibali utavijua kwa kuvifuata, sitakuchosha. Kumbuka tu kwamba Ruaka ni Kiambu, si Nairobi, kwa hiyo kaunti ni nyingine; kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na usajili wa mradi kwa NCA, mamlaka ya ujenzi, ni vya taifa. Na uzisome Kanuni za Ujenzi za 2024, kwa sababu maofisa wengi bado wana zile za 1968 kichwani.

Daftari liandike kila Ijumaa. Ukiliacha miezi sita utaanza kubuni, na mtu aliyekaa saitini miaka thelathini anaisikia sentensi ya kubuni. Usiandike "nilihudhuria mkutano". Andika kilichobishaniwa, nani aliamua, kwa kifungu kipi cha mkataba, na wewe ungefanya nini. Anayekusimamia atie saini kila mwezi, maana watu huhama ofisi na kumtafuta baadaye ni taabu.

Jihadhari na jambo moja Ngong Road. Wako wasanifu wanaokodisha muhuri: ramani zimechorwa na mtu mwingine, wao wanapiga tu na kupokea pesa. Ukijifunza chini ya mtu wa namna hiyo, saini yake daftarini haitakusaidia ukihojiwa. Kwa hiyo Jumatatu ukienda kuwaona, mwulize mwenye ofisi ni lini mara ya mwisho alikanyaga saiti ya Ruaka, na uombe akuonyeshe kumbukumbu za mkutano wa saiti uliopita. Akizitoa mezani bila kuhangaika, chukua kazi, hata kama mshahara ni mdogo kuliko wa Westlands. Nauli ya kwenda Ruaka tutasaidiana hadi utulie.

Mama