Nimemfokea mwenzangu kwa sababu ya kijiko

"Shangazi, niko mwaka wa pili chuoni. Juzi nilimfokea mwenzangu wa chumba kwa sababu alikuwa anakoroga chai na kijiko kinagonga kikombe. Hakujibu, alichukua kikombe chake akatoka. Zamani sikuwa hivi. Nalala saa 8 usiku, naamka saa 12 asubuhi, na katikati nashtuka kila simu inapotetemeka. Je, nimekuwa mtu mbaya?"

Mwanangu, kilichonigusa ni kile kijiko. Mwenzako anakoroga chai vilevile tangu mhamie pamoja, na hukuwahi kumfokea. Kilichobadilika ni usingizi wako: saa nne tu, tena za mang'amung'amu.

Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo amigdala, nyepesi ya kushtuka na kukasirika, na nyuma ya paji la uso ipo sehemu ya kuituliza. Ukikosa usingizi, mawasiliano ya hizo mbili hulegea, hasira ikatoka kabla hujaipima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, waliwapunguzia watu usingizi kwa saa kadhaa, siku mbili mfululizo, kisha wakawasikilizisha kelele za kuudhi. Waliolala kama kawaida walianza kuizoea ile kelele. Waliopunguziwa walizidi kukasirika.

Kwa hiyo usijiite mtu mbaya. Lakini uchovu haukufutii deni. Mwenzako alitoka na kikombe mkononi, katika chumba ambacho ni chake pia, na hilo lingeniuma hata mimi. Mwombe radhi leo, wala usitangulize habari za usingizi. Sema "nilikukosea", kisha unyamaze umsikilize.

Halafu hiyo simu, tafadhali, ilale mbali na kitanda, imezimwa. Kahawa iishie mchana, maana saa tano hivi baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Umri wako unahitaji saa 7 hadi 9. Najua mitihani inabana, ila unachokisoma huku unasinzia hakikai kichwani. Na kama kuna ugomvi unaourudiarudia gizani, uandike kwenye karatasi kabla ya kuzima taa, kwani hasira nayo hufukuza usingizi.

Ukilala vizuri wiki mbili tatu na bado unafoka, au ukihisi mkono unataka kuinuka, nenda kwa mshauri nasaha wa chuo siku hiyohiyo. Na uniandikie tena, nijue mwenzako alikujibu nini.