Alizeti pepe na nyuki wa porini: maswali yenu

Swali (Mkalama): Vichwa vya alizeti yangu ni vikubwa lakini mbegu nyingi ni pepe. Nyuki wamekosekana?

Huenda, ila usiwasingizie kabla ya kupima. Kichwa kimoja kina mamia ya vijiua vinavyofunguka kuanzia ukingoni kwenda katikati, kwa siku 5 hadi 10. Kila kijiua hutoa chavua kwanza, ndipo baadaye hupokea. Kwa hiyo alizeti nyingi huhitaji mdudu apite. Kabla havijafunguka, funika vichwa 5 kwa chandarua kisicho na dawa, na vingine 5 jirani uvifunge uzi tu. Ukivuna, minya mbegu 100 za kila kundi. Vya wazi vikijaa kuliko vilivyofunikwa, wadudu wanafika. Vyote vikiwa na pepe zilizotapakaa kichwa kizima, hawafiki. Pepe zikiwa katikati tu, shuku kwanza ukame au mimea kubanana, maana katikati hujazwa mwisho. (Chotara nyingine hujichavusha, hivyo tofauti yake huwa ndogo.)

Swali (Kongwa): Nina mizinga miwili. Nyuki wa porini wa nini tena?

Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2006, katika mashamba ya kuzalisha mbegu chotara za alizeti, ulionyesha kuwa wa porini huwabughudhi nyuki wa mizinga, na hao wa mizinga wakahama kutoka mstari dume (unaotoa chavua) kwenda mstari jike (unaozaa mbegu) wakiwa na chavua, hivyo wakachavusha zaidi.

Swali: Wanakaa wapi?

Wengi huchimba ardhini. Utaona tundu la upana wa penseli, pembeni kuna kichuguu cha udongo mlaini. Plau ikipita hapo, watoto wengi hufa. Acha ukanda wa mita 2 usiolimwa, wenye jua na udongo mtupu, kila mwaka mahali palepale. Nyuki wadogo wasiouma hukaa kwenye mashimo ya miti na kuta. Hawaendi mbali, kwa hiyo mti mkavu wenye shimo usiukate. Baada ya alizeti kukauka, mbaazi na kishona nguo pembeni huwalisha.

Swali: Nikipiga dawa jioni, inatosha?

Kwa dawa za kugusa zisizodumu kwenye mmea, ndiyo, wakisharudi viotani, na kama shamba halijachanua. Imidacloprid ni tofauti: huingia ndani ya mmea hadi kwenye nekta na chavua, saa haisaidii kitu. Dawa ya unga ndiyo mbaya zaidi, kwani hunasa kwenye manyoya ikabebwa hadi kiotani.