Taa ya injini imewaka baada ya mvua: usinunue sensa bado

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina pikipiki ya injekta, 125. Juzi jioni mvua ilinikuta Jangwani, nikapita kwenye maji yaliyofika kwenye habu ya gurudumu. Nilifika Kigogo bila shida, lakini jana asubuhi taa ya njano ya injini iliwaka. Ikiwa imesimama inaunguruma vizuri, nikivuta mafuta inamisi. Saa saba mchana, jua kali, taa ikazima yenyewe. Jioni nikaiosha kwa mashine ya presha, imerudi. Fundi wa kijiweni anasema sensa imekufa, anataka elfu themanini. Nimpe?

JIBU: Usimpe kwanza, kaka. Sensa, yaani kifaa kinachopima hali ya injini na kuiarifu kompyuta yake, ikifa haifufuki saa saba mchana. Kitu kinachopona kwa jua na kuugua kwa maji ni unyevu, na kwenye pikipiki unyevu hupenda kujificha ndani ya soketi za waya na chini ya kofia ya plagi.

Kabla ya umeme, chungulia oili. Maji yaliyofika kwenye habu mara nyingi hayaingii ndani ya injini, ila mawimbi ya daladala inayokupita yanaweza kuyapandisha. Ukiona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena. Mwaga, weka mpya. Fungua na kichujio cha hewa. Kikiwa kimelowa, kikaushe au kibadilishe, na hapo pia usipige stata mpaka uhakikishe silinda haina maji, kwa sababu maji hayagandamiziki na konekting rodi (mkono wa pistoni) hupinda.

Sasa hiyo taa. Kompyuta ya injini haijui kama sensa ni nzima au mbovu, inaona volti tu. Sensa nyingi hufanya kazi kwa volti 5, na tone la maji kati ya pini mbili linatosha kupotosha usomaji. Kompyuta ikiona namba isiyoingia akilini, inawasha taa na kutumia makadirio yake yenyewe.

Hukutaja ni pikipiki gani. Kama ni Honda, nyingi za injekta zitakwambia shida bila mashine yoyote: simamisha kwa stendi ya pembeni, washa swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa inavyomulika. Mmuliko mrefu ni 10, mfupi ni 1. Mifupi saba ni sensa ya joto la injini, minane ni sensa inayopima umevuta resi kiasi gani, mirefu miwili na mfupi mmoja, yaani 21, ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Pikipiki nyingine zina utaratibu wao. Namba hiyo inakuonyesha njia ya kufuata: sensa, waya wake na soketi yake. Haisemi "nunua sensa".

Toa waya wa hasi wa betri, kisha fuata waya wa sensa hiyo hadi kwenye soketi. Bonyeza kilimi, vuta kwa kushika plastiki, usivute waya. Wiki mbili zilizopita nilifungua ya kijana mmoja wa boda, likadondoka tone la maji ya tope, na pini moja ilikuwa na ukungu wa kijani. Ule ukijani ni shaba inayoliwa. Nilipotazama nyuma zaidi nikakuta chanzo: aliyemfungia kifaa cha kufuatilia pikipiki alichuna waya, akaunga kwa kusokota na kuufunga tepu. Maji yaliingia pale kwenye tepu na kusafiri ndani ya mpira wa waya, katikati ya nyuzi za shaba, mpaka kwenye soketi iliyokuwa imefungwa vizuri kabisa. Kwa hiyo kama pikipiki yako ni ya mkopo na ina kifaa hicho, au umefunga alamu, anza na maungio hayo.

Soketi isafishe kwa dawa ya kupulizia ya kusafishia kontakti, iache ikauke kabisa, kagua kama kile kimpira cha kuzuia maji bado kipo, halafu paka grisi ya silikoni kidogo kwenye kimpira. Petroli, ambayo naona wengi wanaipenda, hapana: inavimbisha mipira na ina moto. WD-40 inafukuza maji vizuri, lakini haikai mahali pa grisi.

Kumisi kwako ukivuta mafuta kunanifanya nishuku plagi pia. Moto wa plagi hutafuta njia rahisi, na kofia ikiwa na unyevu, cheche hupitia pembeni badala ya kuruka kwenye ncha. Mafuta yasipoungua, hewa yake hutoka na oksijeni ambayo haikutumika, sensa ya ekzosi inasoma vibaya, taa inawaka. Sensa inasingiziwa hapo! Vua kofia, ipanguse ndani, tazama kama ina ufa. Injini nyingi zina kitundu cha kutolea maji kwenye shimo la plagi. Kikizibwa na tope, maji yanalala pale siku nzima. Kichokoe kwa waya mwembamba.

Baada ya kukausha, rudisha betri, tembea kwenye ukavu siku mbili tatu. Taa ikirudi kukiwa kukavu, kwa hesabu ileile ya mimuliko, hapo mwambie fundi wako apime sensa kwa mita mbele yako. Ya joto la injini ni rahisi: ukinzani wake, yaani kiasi inachozuia umeme, unashuka kadiri inavyopata moto. Ukinzani huo usipobadilika kabisa, elfu themanini yako ina kazi.

Na mashine ya presha usiielekeze chini ya siti wala kwenye plagi. Ndoo na sponji vinatosha.