Pilipili iliniwasha mimi, viwavi wakaendelea kula

Mwaka jana nilitwanga kikombe kizima cha pilipili kichaa, nikailoweka usiku kucha, nikaichuja kwa kitambaa, na asubuhi nikanyunyizia kabichi zangu huku Pongwe, Tanga. Mikono iliniwaka hadi magharibi. Siku ya tatu majani yalikuwa na matundu kama chujio, na viwavi walikuwa wazima wa afya.

Kosa langu ni kudhani mdudu anaonja kama mimi. Moto tunaousikia hutokea pale kapsaisini, kemikali ya ukali iliyomo kwenye pilipili, inapogusa kipokezi kwenye mishipa yetu ya fahamu, kilekile kinachotupasha habari ya joto kali. Mwanasayansi David Julius alikitambua mwaka 1997, na mwaka 2021 akapewa Nobel pamoja na mwanasayansi mwenzake Ardem Patapoutian. Wadudu hawana kipokezi hicho. Kuku wanacho, ila chao hakishtushwi na pilipili. Wangu hudonoa zilizoiva kama mahindi.

Mtazame nzi akitua kwenye embe lililokatwa. Hupiga hatua mbili tatu, ndipo ashushe mrija wa mdomo, maana vinyweleo vya miguuni vimeshamwonjea. Ukali wa haradali anaujua na huukwepa. Lakini nondo mgongo-almasi, yule mdogo anayerukaruka ukipita katikati ya kabichi, huvutwa na ukali huohuo, ambao kabichi nayo inao: kwake ni dalili kwamba hapa ndipo pa kutaga. Tumboni mwa kiwavi wake mna kimeng'enya kinachoizuia kemikali hiyo ya kabichi isigeuke sumu. Hebu fikiria, kinga ya mmea imekuwa mwaliko!

Kwa hiyo kwenye kabichi siku hizi nategemea macho. Kila asubuhi nageuza majani, napondaponda mayai madogo ya manjano, kisha natafuta viwavi. Ukimgusa anajipindapinda kwa nguvu, akarudi nyuma na kuning'inia kwa uzi. Hapo mkamate, asipate nafasi ya kupanda tena.

Maji ya sabuni nawawekea vidukari, kwa sababu ngozi yao ni laini na sabuni huiharibu. Jaribu kwanza kwenye jani moja, unyunyize jioni ili jua lisiunguze majani. Ukitaka kuchanganya na pilipili, vaa glavu, funika macho, na usubiri upepo wa bahari utulie.